Fungu la Wasiofika

Wa kwanza alikuja mchana, baada ya mlipuko.

Mlima wetu ulilipuliwa kila mchana na tulikuwa tumeshazoea. King'ora kinalia, mtu anashikilia kabati vyombo visidondoke, ardhi inashtuka kama mtu aliyeguswa usingizini, kisha vumbi jekundu linatua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya maji ya kunywa, juu ya ndimi. Siku ile vumbi lilipotua tuliona mzee amesimama kwenye njia inayotoka nyuma ya Mlima, ambako hapakuwa na mji wala kijiji. Mgongo wake ulikuwa umepinda hata akawa anatazama miguu yake mwenyewe. Hakuuliza njia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa jirani yetu Kashindye, aliyekuwa akiendesha mashine ya kutoboa miamba, akaketi kizingitini na kumwita mke wa Kashindye kwa jina ambalo mumewe alimwita wakiwa wawili tu.

Kashindye akatoka na fimbo. "Mzee, jina hilo umelipata wapi?"

Mzee aliinua mkono wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa nusu. Kashindye akakitazama kidole gumba chake, nacho nusu, kilichokatwa na mashine kabla ya mvua za mwaka ule. Fimbo ikamponyoka.

"Ingia," akasema mkewe, ambaye ndiye wa kwanza kuelewa. "Ingia ule, baba."

Wakafuata wengine. Kila mlipuko ulipotulia wawili au watatu walitokea kwenye njia ile, na kila mmoja alikuwa na mlango wake aliokuwa akiuendea. Walikuwa ni sisi. Sina namna nyingine ya kulisema. Walikuwa wale wanaoshuka shimoni, na wake zao, wakirudi kwetu kutoka uzeeni. Katika nchi yetu jana na kesho hazikuwahi kukaa mbali sana. Watoto waliamka wakisimulia mambo ya babu zao kana kwamba waliyaona kwa macho, na mtu aliweza kuanza sentensi akiwa kijana akaimaliza akiwa na mvi, na hakuna aliyeshangaa. Lakini hatukuwa tumewahi kuona kesho ikija kwa miguu yake, tena ina njaa.

Maana walikuwa na njaa. Hilo ndilo lililotutisha kuliko sura zao. Walikula wakiwa wameinamia sahani, mkono mmoja ukiikinga, kama watu waliozoea kunyang'anywa. Walipomaliza waliomba radhi. Ukimwuliza mzee wako habari za mwaka fulani, au nani atakufa na nani atabaki, alishikwa na kikohozi kirefu hadi ukajuta kuuliza. Kulipopambazuka walitoka wote, hakuna aliyewatuma, wakaenda kwenye jalala la mawe yanayotupwa na malori ya Mlima, wakaketi kando ya barabara, wakaanza kuponda kokoto kwa nyundo. Mji mzima uliamka kwa sauti ile. Wajenzi walikuwa hawajafika kununua kokoto za mtu yeyote, lakini wao waliponda tu.

"Pumzika, mzee," Kashindye alimwambia yule wake. "Uko kwangu. Uko kwako."

"Nikipumzika nitakula nini?" mzee akamjibu.

Hilo ndilo jibu pekee walilotupa kuhusu kule walikotoka, na lilitosha.

*

Wangu alinikuta nafua. Niliona kivuli kimeanguka juu ya beseni, nikainua uso, nikaona pua ya mama yangu katika uso ambao haukuwa wa mama yangu. Akasema, "Nyamizi," kwa sauti ya mtu anayelijaribu jina kama linamtosha bado. Nikamkaribisha. Nikampa maji. Alikunywa, akaangalia huku na huku ndani ya nyumba, akatabasamu alipoiona redio, akaigusa. Hakuuliza mume wangu yuko wapi. Mgeni yeyote anayeingia nyumbani kwa mke wa mtu humwulizia mume. Yeye hakuuliza, na mimi nikabaki nimeshika kikombe chake kitupu.

Alipojilaza jioni ile kupumzika, alilala katikati ya kitanda. Si upande wangu wala si upande wa Lutufyo. Katikati kabisa, mikono imefunguka, kama mtu ambaye kwa miaka mingi hajamwachia mwingine nafasi.

Lutufyo mume wangu alirudi kutoka shimoni, akamwona, akamwamkia kwa heshima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, na akageuka ukutani akalia bila sauti.

Tangu siku hiyo Lutufyo akawa anakwenda njiani. Akitoka kazini, kabla hata ya kunawa, anakwenda kusimama pale barabara inapopinda nyuma ya Mlima na kuwatazama wanaokuja. Nilimfuata mara moja. Nilimwona akimkabili kila mzee mwanamume, akimtazama pua, masikio, namna ya kutembea, halafu akisogea kando kumpisha. Alikuwa mwenyekiti wa wafanyakazi, watu walizoea kumwona akiwasemea mbele ya wenye Mlima bila kutetemeka, na sasa walimpita pale njiani wakitazama chini. Kila mtu alielewa. Mwenye mzee atafika uzeeni. Asiye na mzee hatafika.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili na bado sijui kama nililifikiri sawasawa. Mtu husema, mimi nitazeeka. Lakini yule atakayezeeka yuko wapi wakati unalitamka neno hilo? Humjui. Hujawahi kula naye. Ana maumivu usiyoyasikia na hofu usizozijua, na pengine atakuchukia, kwa kuwa wewe ndiye uliyemtumia magoti yake, ukamlia chakula chake, ukacheka kwa meno yake. Tunamwita mimi ili tusione aibu kumwacha bila kitu. Nilimtazama yule bibi akiponda kokoto juani, nikajiambia, huyu ni mimi, huyu ni mimi, na moyo ukakataa. Moyo ulisema: huyu ni mwanamke maskini aliyeingia nyumbani kwako. Halafu aliinua mkono kujifuta jasho kwa kiwiko, vile vile ninavyojifuta, na moyo ukanyamaza.

*

Katika majuma hayo alikuja Adventina, mjumbe wa Baraza Kuu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya taratibu na viatu vilivyokuwa vyekundu kwa vumbi kabla hajafika katikati ya mji. Alisimama kwenye ukumbi wa wafanyakazi akatueleza jambo ambalo tulikuwa tumelidai tangu enzi za baba zetu. Kwa miaka yote Mlima ulikuwa ukiondoka juu ya malori, na kilichobaki kwetu ni shimo na kikohozi. Sasa Baraza limepitisha ushuru. Kila kinachotolewa Mlimani, wenye mashine wataacha sehemu. Na katika ushuru huo kuna fungu litakalokuwa la wale wanaochimba.

Watu walipiga makofi hadi vumbi likadondoka kutoka kwenye mapaa.

"Lakini mchague," Adventina akasema. "Baraza halitaki kuwachagulia. Fungu hili mnaweza kupewa mkononi, pamoja na mshahara. Au linaweza kuwekwa katika akiba ya uzeeni, likue, na mtu akistaafu alipwe mafao mpaka mwisho wa maisha yake. Yote mawili haiwezekani."

Kutoka nje sauti ya nyundo iliingia kupitia madirishani. Adventina alisikiliza. "Hawa wazee walioko barabarani," akauliza, "ni akina nani?"

Kashindye akasimama. "Ni sisi, mama."

Adventina aliwapa wafanyakazi muda wa kufikiri, na mji ukapasuka vipande viwili.

Ungedhani wote wenye wazee wangetaka akiba. Haikuwa hivyo. Wapo waliosema, mzee wangu ameshafika, nimemwona, anaishi, basi kumbe mtu huishi hata bila akiba. Wapo walioona aibu kumtazama mzee usoni na wakataka hela ya haraka wamnunulie blanketi. Lakini wasio na wazee walikuwa na kauli moja, na msemaji wao alikuwa Mhoja.

Mhoja alikuwa dereva wa lori kubwa la Mlimani, mcheshi, mwimbaji, rafiki wa Lutufyo tangu walipoanza kazi. Hakuja mzee wa Mhoja. Alikuja nyumbani kwetu siku moja ya mapumziko, akakaa kwenye kiti anachokaa siku zote, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

"Mwenyekiti, mimi na wewe tuko kundi moja," akasema. "Tusidanganyane."

"Sijakudanganya," Lutufyo akasema.

"Basi niambie. Nimwekee nani akiba? Kila mwezi nikatwe changu, kimlishe Kashindye akiwa hana meno? Mimi nina watoto wanaokula leo. Nina mama anayeumwa leo. Mimi sina kesho, Lutufyo. Nina leo tu, na sasa mnataka kunipunguzia hiyo hiyo."

"Hujui kama huna kesho."

"Wewe unajua?" Mhoja akainama kuelekea kwake. "Ulikuwa wapi jana? Ulikuwa njiani. Na juzi? Ulikuwa njiani. Unajua."

Mhoja alimtazama, kisha akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Shemeji," akaniambia, "mwambie mumeo. Wewe ndiye utakayebaki. Mwambie."

Alipoondoka nilimwambia. Sikumwambia alilotaka Mhoja. Nilimwambia la kwangu, ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Tuchukue hela mkononi," nikasema. "Wakianza kutoa tu, tuondoke. Twende mbali na Mlima. Mhoja naye aende. Hamtakufa kama hampo."

"Niondoke niende wapi ambako sitakufa?"

"Usinijibu hivyo. Nazungumza na wewe."

"Na yeye?" Akaelekeza kidevu nje, ambako bibi alikuwa ameketi kivulini akiilowesha mikono yake iliyopasuka katika maji ya chumvi.

"Yeye ameshaishi maisha yake. Wewe bado upo. Mimi nakutaka wewe." Nilipiga kelele nikisema hivyo, na nilijua kwamba bibi anasikia. Nilikuwa namtetea mume wangu dhidi yangu mwenyewe. Nilikuwa namnyang'anya yule bibi sahani yake, mimi, mtu pekee duniani aliyepaswa kumhurumia.

Nilitoka nje nikachuchumaa mbele yake. Nikamwuliza, "Mama, wewe unataka nini? Sema tu. Nifanye nini?"

Nilitegemea atakohoa. Hakukohoa. Alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

"Nataka kuketi," akasema.

"Si umeketi?"

"Hapana. Hapa nangoja kuinuka."

*

Kesho yake hakuweza kuinuka. Homa ilikuwa imempata, na pumzi yake ilikwaruza kama koleo kwenye changarawe. Alidumu siku chache. Lutufyo alimlisha uji kwa kijiko, akamwita mama, na mara moja, bila kujijua, akamwita kwa jina langu. Bibi akafungua macho. Alimtazama mume wangu vile ambavyo mimi sijawahi kumtazama, kwa kuwa mimi nilikuwa naye kila siku na sikuwa na haja ya kutazama namna hiyo.

Alifariki asubuhi ya siku ya mkutano.

Nilimwosha mwenyewe. Wanawake walitaka kunisaidia, wakashindwa. Walisimama mlangoni wakiwa wameziba midomo kwa kanga zao. Nilimwosha miguu, ambayo ni miguu yangu. Nilimwosha tumbo lenye kovu kama langu, la uzazi ambao mtoto hakuishi. Mikono yake ilikuwa na sugu ngumu kama kwato, na kucha mbili hazikuwepo. Nilipomaliza tulitaka kumlaza chali, naye akakataa kulala. Mgongo wake haukunyooka. Tulimbonyeza mabegani, magoti yakainuka. Tukashika magoti, kichwa kikainuka, kana kwamba anataka kujua tunafanya nini. Nilimwomba. Nilimwambia, nyooka sasa, kazi imekwisha, hakuna anayekuita. Nikamkanda mgongo ule kwa maji ya moto kama ninavyomkanda mume wangu akitoka shimoni. Haukunyooka.

Lutufyo alikuwa akichimba kaburi. Aliitwa, akaja, akasimama kizingitini na jembe mkononi akatutazama, mimi na mimi. Sikuwahi kumwona akiwa na uso ule. Alirudi akalipanua kaburi, akalifanya fupi na pana, tukamweka ndani kwa ubavu akiwa amejikunja, kama mtoto.

Halafu tukaenda mkutanoni.

Ukumbi ulikuwa umejaa, na wazee walikuwa wamesimama nje madirishani, nyundo zao mikononi. Adventina alikuwa amekaa mbele. Mhoja na wenzake walijipanga upande wa mlango, na walikuwa wengi. Lutufyo alipanda jukwaani bila kunawa. Udongo ulikuwa umemkauka hadi viwikoni.

"Samahanini kwa mikono hii," akasema. "Nimetoka kumzika mke wangu."

Watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimeketi safu ya mbele.

"Nimemzika akiwa amejikunja, kwa kuwa mgongo wake umekataa kunyooka. Mke wangu mwenyewe amejaribu kuunyoosha. Ndugu zangu, hapa tunasema kiinua mgongo, kiinua mgongo. Mimi nimelisema neno hilo kwenye kila kikao na sikuwahi kulisikiliza. Leo nimelisikia. Kuna siku ambayo mgongo unaweza kuinuliwa, na kuna siku ambayo hauwezi tena, hata kwa maji ya moto, hata kwa kuomba."

Hakuwa mtu wa hotuba ndefu.

"Mimi sina mzee. Mnajua. Nimesimama njiani pale mpaka miguu imekufa ganzi. Kwa hiyo mtu asiseme najipigia debe. Nilidhani akiba ni kumwekea mtu ninayemjua, yaani mimi. Kumbe sivyo. Kashindye alimtokea mzee wake na fimbo. Mke wangu alimpa mzee wake maji kama mgeni wa njiani. Hakuna kati yenu anayemjua yule anayemwekea. Kila mmoja anamwekea mgeni. Basi mimi na nyinyi hatuna tofauti kubwa. Mlima unakwisha. Ukiondoka wote juu ya malori na sisi tukaula leo leo, watakaokuja kuketi kando ya lile shimo watakuwa hao." Akaonyesha madirishani. "Mimi nataka waketi."

Ndipo Mhoja alipopaza sauti kutoka mlangoni. "Na wasiofika, Mwenyekiti? Fungu letu sisi linakwenda wapi? Linarudi Mlimani?"

Hakukuwa na dhihaka katika swali lile. Lilikuwa swali la mtu aliyesimama ukingoni. Lutufyo alimgeukia Adventina. "Mjibu, mama."

Adventina alizipekua karatasi zake. "Sheria haikulitaja hilo."

"Basi ilitaje. Asiyefika, fungu lake wapewe aliowaacha. Watoto wake, mke wake, mama yake."

"Naweza kulifikisha kwenye Baraza. Siwezi kuahidi."

"Usiahidi," Lutufyo akasema. "Lifikishe tu."

Wakaambiwa wanaotaka akiba waende ukutani, wanaotaka mkononi wabaki upande wa mlango. Kashindye alikuwa wa kwanza kuuvuka ukumbi. Wakamfuata wenye wazee, mmoja mmoja, kisha, jambo ambalo sikulitegemea, wakaanza kuvuka wasio nao. Walivuka wameinamisha vichwa, kama watu wanaovuka maji wasiyoyajua kina. Mimi sikuwa na kura, kwa kuwa sikuwa mfanyakazi wa Mlima. Namshukuru Mungu kwa hilo. Hadi leo sijui miguu yangu ingenipeleka wapi.

Mhoja hakuvuka. Lutufyo alishuka jukwaani akamwendea, akanyoosha ule mkono wenye udongo. Mhoja aliushika, akaubana, akauachia. "Umefanya vizuri," akamwambia, "lakini mimi siwezi." Akatoka nje. Asubuhi nyumba yake ilikuwa wazi na tupu. Alikuwa ameondoka na mama yake na wanawe bila kumuaga mtu.

*

Baada ya mkutano nyundo zilinyamaza. Tulidhani tutafurahi, lakini ukimya ule ulikuwa na uzito wake. Wazee walikaa tu kando ya barabara, mikono magotini. Kisha wakaanza kuondoka, kila mlipuko ukitulia, kwa njia ile ile. Kashindye alimkimbilia wake akimwuliza, "Umepona? Mzee, huko sasa kukoje?" Hakugeuka. Alikuwa bado amepinda. Hatukujua kama tumembadilishia kitu au tumemfukuza.

Lutufyo aliendelea kushuka shimoni. Sikumwomba tena tuondoke. Tulikuwa tukipendana kwa uangalifu mkubwa, kama watu wanaobeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. Katika mvua zilizofuata ukuta wa shimo ulimeguka, naye alikuwa chini yake. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshalia kabla.

Baraza lilikuwa limeliandika swali la Mhoja ndani ya sheria. Wakaliita fungu la wasiofika. Miaka ikapita ambayo siwezi kuipanga, mingine mirefu kama kiangazi, mingine ikaisha nikiwa nachambua mchele. Mlima ulikwisha. Wenye mashine wakafungasha wakaondoka. Akiba haikuondoka nao.

Sasa nimezeeka. Jana nilisimama mbele ya kioo nikajitazama kama ninavyotazama kitambaa sokoni, mbele na nyuma. Pua ni ile. Mvi ni zile. Lakini mikono yangu ni laini, kucha zote zipo, na mgongo wangu umeinama kidogo tu, kama wa mtu anayesikiliza. Sijaponda jiwe hata moja maishani mwangu. Mimi siye yule niliyemwosha. Na kama siye mimi, basi nilimzika nani? Aliishi wapi mwanamke yule, katika miaka ipi, aliteseka kwa ajili ya nani, na nani atamkumbuka kama alikuja kwetu kutoka mahali ambapo tulipafuta kwa kusogea ukutani siku ile ya mkutano? Wakati mwingine naona kwamba tulimuua. Wakati mwingine naona kwamba hilo ndilo alilolijia. Nakwenda kwenye kaburi lake lile fupi na pana, nang'oa majani, sijui nimwite nani.

Na mwezi uliopita alikuja Mhoja.

Alishuka kwenye basi mchana, mzee, mzima, na kikapu cha plastiki. Aliulizia kwa Lutufyo. Watu wakamleta kwangu. Tulitazamana mlangoni, maana wote wawili tulikuwa tukiona jambo moja. Alikuwa amefika. Hakuwa na mzee aliyerudi Mlimani kwa sababu tu hakuwa na nyumba Mlimani ya kurudia. Aliondoka, na kwa kuondoka akaishi.

"Kumbe ingewezekana," akasema.

"Nilimwambia," nikasema. "Nilimwambia tuondoke."

Akaketi kwenye kiti, akafunika uso. Huko alikokwenda alifanya kila kazi ya mkono na hakuna hata moja iliyomwekea kitu. Mama yake alikufa, watoto wakatawanyika. Nikampikia. Alikula akiwa ameinamia sahani, mkono mmoja ukiikinga, nikageuza uso nisione.

Mwisho wa mwezi nilikwenda naye ofisini kuchukua mafao. Tulikaa kwenye benchi pamoja na wengine. Kijana wa dirishani anaita majina ya waliochangia, ndivyo utaratibu ulivyo, na kila mtu anajua lake.

"Lutufyo!" akaita.

"Nipo," nikajibu, nikasimama.

Mhoja alinishika kanga. Alikuwa akitazama huku na huku ukumbini, uso umemgeuka, kama mtu anayetarajia kuona mtu fulani akitokea mlangoni. "Shemeji," akanong'ona, "amemwita nani?"

"Amemwita Lutufyo."

"Na wewe ndiye umeitika?"

"Kila mwezi," nikamwambia. "Niachie, Mhoja, wanaona tunawachelewesha."